Binti anaposahau: wasiwasi na usahaulifu kwa wasichana wa mwaka wa kwanza chuoni



Somo letu la robo hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linaloweza kumgharimu binti nafasi yake ya kusoma. Tunazungumzia usahaulifu wa kila siku: kusahau miadi, kupoteza vitu, kusoma ukurasa mzima bila kujua kilichosomwa. Tumeona vema tulizungumze kabla ya vikao vyenu vya kupitia maendeleo ya wanafunzi, kwa kuwa ni katika vikao hivyo ndipo jambo hili hujitokeza, tena mara nyingi likiwa limevaa jina lingine.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vyetu hapa Tanzania hupokea wanafunzi wapya. Ikifika Januari au Februari, ajenda ya wanafunzi wanaofadhiliwa huja na malalamiko yanayofanana. Binti hakutuma risiti ya ada. Aliahidi kupiga simu Jumapili, hakupiga. Amepoteza kitambulisho cha chuo kwa mara ya pili. Amekosa kusaini fedha za mkopo kwa sababu siku ilimpita. Mjumbe mmoja husema, "Huyu hana shukrani." Mwingine husema, "Ameshapata bwana huko." Na kwa kuwa fedha zinazojadiliwa ni michango ya watu, wengine wao wakiwa wajane na wakulima wadogo, kamati huona ni wajibu wake kuzilinda, na hoja ya kusitisha ufadhili huwekwa mezani.

Tunaheshimu uangalifu huo. Fedha ya watu haichezewi. Lakini tunaona kwamba hukumu hutangulia kabla ya swali moja muhimu kuulizwa, yaani binti huyu analala na kuamka na hofu gani? Maana usahaulifu wa namna hii kwa msichana wa mwaka wa kwanza mara nyingi ni matokeo ya wasiwasi kabla haujawa tabia. Na sehemu ya wasiwasi huo, tuseme ukweli, hutoka kwetu sisi tunaomfadhili.

Usahaulifu tunaouzungumzia

Hatuzungumzii ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaowapata baadhi ya wazee. Tunazungumzia makosa madogo ambayo kila mmoja wetu huyafanya. Mwaka 1982, mwanasaikolojia wa Uingereza Donald Broadbent na wenzake walichapisha dodoso la maswali 25 kuhusu makosa hayo. Mtu huulizwa ni mara ngapi, kwa muda wa miezi sita iliyopita, amejikuta akiingia chumbani asijue amefuata nini; amerudi mlangoni kuhakikisha kama amefunga; amesikia jina la mtu na kulisahau papo hapo; amegongana na watu njiani; au amekitupa kitu alichokihitaji na kubaki na kile alichotaka kukitupa. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani haijatokea kamwe, hadi 4, yaani mara nyingi sana. Kwa hiyo jumla ni kati ya 0 na 100. Hakuna anayepata 0 akiwa mkweli.

Dodoso hilo limetumika tangu wakati huo katika nchi nyingi, na wanafunzi wa vyuo wamekuwa miongoni mwa walioulizwa mara kwa mara. Jambo moja limejirudia katika tafiti za namna hii: wenye wasiwasi mwingi hutaja makosa mengi zaidi. Wasiwasi nao hupimwa. Mmarekani Charles Spielberger na wenzake walitoa mwaka 1970 kipimo chenye sehemu mbili za maswali 20 kila moja. Sehemu moja huuliza mtu anajisikiaje sasa hivi. Ya pili huuliza kwa kawaida yeye ni mtu wa namna gani. Tofauti hiyo inafaa tuishike. Kuna binti aliyezaliwa mwenye moyo wa hofu, na kuna binti mtulivu ambaye mazingira mapya yamemtia hofu. Kwa macho wanafanana, lakini huyu wa pili atatulia upesi endapo mazingira yatarekebishwa.

Benchi lenye nafasi nne

Kwa nini mwenye wasiwasi asahau? Wataalamu Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza mwaka 1974 kwamba akili ina sehemu inayoshika mambo kwa muda mfupi wakati mtu anayafanyia kazi: namba ya simu kabla hajaiandika, mwanzo wa sentensi ya mwalimu wakati akisikiliza mwisho wake. Sehemu hiyo ni finyu. Wanaokadiria ukubwa wake husema hushika mambo kama manne tu kwa wakati mmoja.

Tuichukulie kama benchi la zahanati linalokaa watu wanne. Binti ameingia darasani akiwa na deni la ada, mama yake ni mgonjwa nyumbani, na usiku wa leo hajui atalala wapi. Tayari watatu wamekaa. Mhadhiri anaposema, "Kazi ya kikundi ikabidhiwe Alhamisi kabla ya saa sita," maneno hayo yanapata nafasi moja, nayo yanagombea na Kiingereza cha mhadhiri, na mlango unaofunguliwa, na mwenzake anayemwomba kalamu. Alhamisi ikifika, sisi tunasema amesahau. Kwa kweli hakuwahi kulishika jambo lenyewe. Kumbukumbu haiwezi kutoa kisichowekwa.

Michael Eysenck na wenzake, katika maandiko yao ya mwaka 1992 na 2007, waliongeza jambo ambalo kamati zingefaidika kulijua. Mwenye wasiwasi mara nyingi hufanya kazi vizuri kama wenzake, ila kwa nguvu nyingi zaidi. Akili yake huvutwa na kila dalili ya hatari, naye hulazimika kuirudisha kwenye kazi tena na tena. Hivyo basi, binti anaweza kuleta matokeo mazuri ya muhula wa kwanza huku akiwa amechoka kupita kiasi, na dalili pekee inayoonekana nje ni kwamba anapoteza funguo na hapigi simu. Matokeo mazuri si uthibitisho kwamba hana shida.

Hofu kidogo, hata hivyo, si adui. Tangu jaribio la Robert Yerkes na John Dodson la mwaka 1908, lililofanywa kwa panya, imejulikana kwamba msisimko wa kiasi unaweza kusaidia kujifunza, na ukizidi huharibu, hasa pale kazi inapokuwa ngumu. Anayekwenda kwenye mtihani bila hofu yoyote pengine hakujiandaa.

Hofu za mwaka wa kwanza

Wengi wa mabinti tunaowafadhili wametoka shule za bweni. Kengele iliwaamsha, kengele iliwalisha, mwalimu wa zamu aliwahimiza kulala. Kumbukumbu ya ratiba ilikuwa mikononi mwa shule. Chuoni kengele haipo. Ratiba imebandikwa ubaoni au imetumwa kwenye kundi la simu. Kipindi kimehamishwa jengo. Tarehe ya kujisajili imebadilishwa na aliyekuwa hana vocha hakupata habari. Ndani ya wiki mbili msichana wa miaka 19 anatakiwa kukumbuka peke yake mambo ambayo kwa miaka sita alikumbushwa. Hata asiye na wasiwasi wowote angeteleza.

Kisha huja fedha. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, imewawezesha maelfu kusoma, na wengi wa mabinti wetu wana mkopo unaolipa sehemu tu ya gharama, parokia ikijazia. Wanafunzi wanaijua vizuri hali ya kusubiri "bumu", yaani fedha za chakula na malazi. Zikichelewa, binti hula mlo mmoja na kukopa. Zikiingia, simu kutoka nyumbani nayo huingia: mdogo wake anadaiwa mchango shuleni, bibi anahitaji dawa. Wazazi hawana nia mbaya. Machoni pao, aliyefika chuo kikuu ameshapata. Binti hutuma kidogo na kubaki na hesabu isiyofika mwisho wa mwezi, na hesabu hiyo huifanya upya kila saa, akiwa darasani, akiwa kanisani, akiwa kitandani.

Kwamba hesabu ya namna hiyo hula akili, si maneno yetu tu. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walitoa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walipimwa kabla ya mavuno, wakiwa wamebanwa, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya kufikiri na kudhibiti mawazo. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni mfuko. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na hilo ni jema, lakini mwanakamati yeyote aliyewahi kusubiri fedha za pamba au korosho anajua wanachokisema.

Malazi ni hofu nyingine. Anayekosa chumba katika bweni la chuo ama hupanga mtaani, ama "hubebwa", yaani hulala kitanda kimoja na mwenzake kwa siri. Aliyebebwa hana mahali pa kuweka daftari wala pasi wala cheti. Vitu vyake vimo ndani ya begi, na kila anapotaka kimoja humwaga vyote. Tukisikia binti amepoteza kitambulisho mara mbili, tuulize kwanza analala wapi.

Lugha tumeigusa. Kiingereza alikisoma kwa miaka sita sekondari, lakini alizoea kukisoma ubaoni kwa mwendo wa mwalimu. Sasa anakisikia kwa mwendo wa mhadhiri, ukumbini, akiwa mmoja kati ya mamia. Akili inayotafsiri haina nafasi ya kutosha ya kuweka.

Na kuna hofu ambayo mabinti huitaja mwisho, wakishajua kwamba msikilizaji hatawalaumu. Ni ile ya mwanamume mwenye madaraka juu yao, awe mhadhiri, mwenye nyumba ya kupanga, au hata mtu anayejiita mfadhili. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai nchini kwetu chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113. Msichana anayepanga kila siku njia ya kutoka darasani ili asikutane na mtu fulani, huyo benchi lake limejaa kabla hajafungua daftari. Kamati zisilichukulie jambo hili kama uvumi wa mabweni.

Tusifikiri kwamba ni mabinti wa Tanzania tu, au wa vijijini tu. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliowahusisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapatao 14,000 katika vyuo 19 vya nchi 8, Afrika Kusini ikiwamo. Karibu theluthi moja ya waliojibu walionyesha dalili za tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, sonona na wasiwasi uliopita kiasi yakiwa miongoni mwa yaliyoongoza. Duniani kote wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa huwapata wanawake karibu mara mbili ya wanaume.

Gurudumu linalozunguka

Hapa tunaomba msomaji awe mwangalifu pamoja nasi, kwa sababu ni rahisi kusema wasiwasi huleta usahaulifu na kufunga mjadala. Broadbent mwenyewe aliliona jambo kwa upande wa pili pia. Katika kazi yake walihusishwa wanafunzi wa uuguzi, na alipendekeza kwamba mtu mwenye makosa mengi ya kusahau huumizwa zaidi na mazingira magumu. Kwa maneno mengine, usahaulifu unaweza kutangulia, na shida ikimkuta msahaulifu humwelemea kuliko mwenzake. Inaelekea njia zote mbili ni za kweli. Binti ana hofu, anasahau tarehe ya kujisajili, anapigwa faini, hofu inaongezeka, anasahau zaidi.

Tena dodoso hizi humtegemea mtu ajieleze mwenyewe. Mwenye wasiwasi hujihukumu kwa ukali. Anaweza kuandika kwamba anasahau "mara nyingi sana" wakati wenzake wa chumbani wangesema ni kawaida tu. Kwa binti wa namna hiyo, dhana ya kwamba akili yake imeharibika humsumbua kuliko kusahau kwenyewe. Wengine huambiwa nyumbani kwamba wamerogwa na wenye wivu, au kwamba kichwa kimefungwa, na hutolewa chuoni katikati ya muhula kwenda kutafutiwa dawa. Hatutaki kumdharau mzazi aliyefika hapo kwa uchungu wa mwanawe. Ila wiki tatu nje ya darasa humrudisha binti akiwa na sababu mpya ya kuogopa.

Si kila usahaulifu ni wasiwasi

Kabla ya yote, apimwe damu. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/2016 zilionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Msichana mwenye damu pungufu huchoka, huumwa kichwa, hushindwa kushika anachosoma. Na anayeishi kwa chai na maandazi ili fedha zifike mwisho wa mwezi yumo hatarini zaidi. Malaria nayo isisahauliwe, wala kukosa usingizi, maana usiku ndipo akili hupanga na kuimarisha kilichosomwa mchana. Binti anayekesha siku nne mfululizo kabla ya mtihani anajinyima chombo chenyewe cha kukumbukia. Na iwapo kuna ujauzito, ahudumiwe kama mtoto wetu, na asigundue kwanza kwamba jina lake limeshafika kwenye matangazo.

Sonona pia huharibu umakini. Binti asiyelala kwa majuma, aliyeacha kula, aliyejitenga na wenzake, au anayesema afadhali asingekuwepo, huyo asisubiri kikao. Apelekwe hospitali ya wilaya au ya mkoa siku hiyo hiyo, akiwa na mtu wa kumshika mkono. Kutoka huko anaweza kupewa rufaa kwenda kwa wataalamu, kama wale wa Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Maneno ya kutaka kufa tusiyaite utoto.

Na ndiyo, wapo wavivu. Wapo wanaokula ada na kusema wamesahau risiti. Hatuombi kamati zifumbe macho. Tofauti huonekana kwa mtu anayetazama kwa muda: mzembe husahau yale yanayomgharimu mwingine na kukumbuka yanayomfaa, mwenye wasiwasi husahau hata yanayomfaa yeye mwenyewe. Aliyekosa kusaini fedha zake za chakula hakufanya hivyo kwa hila.

Yanayosaidia

Kwa binti mwenyewe, la kwanza ni kutoa mambo kichwani na kuyaweka kwenye karatasi. Daftari moja dogo, si vipande vitano, lenye tarehe za kujisajili, za kukabidhi kazi, za kusaini mkopo. Simu inaweza kufanya kazi hiyo, ila simu huisha chaji, huibwa, na hubeba pia habari za nyumbani zinazovuruga. Tunapendelea daftari.

La pili ni namna ya kupanga. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer, katika andiko la mwaka 1999, alionyesha kwamba mpango uliofungwa kwenye tukio hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitatuma risiti wiki hii" ni nia tupu. "Nikitoka benki, kabla sijapanda daladala, nitaipiga picha risiti na kuituma kwa mweka hazina" ni mpango. Hapo tukio lenyewe humkumbusha. Mama mlezi anaweza kumzoeza binti kwa dakika tano za simu: "Mwanangu, utaifanya lini? Ukitoka wapi?"

La tatu ni namna ya kusoma. Wasichana wengi wenye hofu husoma notisi zilezile mara nne, wakipigia mistari kwa rangi, kwa sababu kusoma tena huleta faraja ya kudhani wanajua. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo afunge daftari, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kusahihisha. Mwanzoni inatisha, hasa kwa mwenye wasiwasi, ndiyo maana ni heri wafanye wawili wawili.

Lipo pia jaribio la Gerardo Ramirez na Sian Beilock la mwaka 2011, ambapo wanafunzi waliandika kuhusu hofu zao kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani, na wenye hofu nyingi walifanya vizuri zaidi. Si majaribio yote ya baadaye yaliyotoa matokeo hayohayo. Lakini gharama yake ni karatasi moja, na binti akipenda anaweza kuijaribu.

Hata hivyo, ushauri kwa binti peke yake hautoshi. Kumfundisha kukumbuka huku tukimwongezea hofu ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Ada ilipwe kabla ya siku ya mwisho ya kujisajili, na binti aambiwe kwamba imelipwa. Hili ndilo kubwa. Tunajua harambee hufanyika pale inapowezekana na michango hufika kwa mafungu. Lakini hata pale fedha haijatimia, ujumbe wa "sehemu hii tumelipa, iliyobaki tutalipa tarehe fulani" humtoa mtu mmoja kwenye lile benchi. Ukimya wetu humkalisha hapo muhula mzima.

Barua zetu nazo tuzitazame. Sentensi kama "usipowasilisha taarifa, ufadhili utasitishwa mara moja" huandikwa kwa urahisi na husomwa kwa mikono inayotetemeka. Tunaweza kudai hesabu ileile kwa maneno mengine: taarifa gani, kwa nani, kwa tarehe ipi, na nini kifanyike endapo kuna kikwazo. Tena idaiwe na mtu mmoja. Binti anayetakiwa kumwandikia paroko, mwenyekiti, mweka hazina, mama mlezi na mfadhili wa ng'ambo, kila mmoja kwa wakati wake, atamsahau angalau mmoja wao, na huyo ndiye atakayesimama kikaoni kulalamika. Kwa wafadhili wetu tunaongeza hili: barua mbili kwa mwaka kutoka kwa mwanafunzi zinatosha. Ikichelewa, tuulizeni sisi kwanza.

Kila parokia ichague mlezi mmoja, afadhali mwanamke aliyesoma au aliyewahi kuishi na mwanafunzi, ambaye hahusiki na kupiga kura juu ya fedha. Binti hatamweleza hofu yake mtu anayeshika kalamu ya kusitisha. Mlezi huyo ampigie kabla ya tarehe muhimu, si baada yake, na maongezi yaanze na chakula na usingizi kabla ya matokeo. Akisikia jambo zito, amwelekeze kwa mshauri wa wanafunzi au kwa mlezi wa kiroho chuoni, na jina la binti lisisomwe kikaoni bila ridhaa yake. Tumeshuhudia mara nyingi siri ya mtu ikifika kijijini kabla yeye hajafika likizo.

Kwa kikao kijacho tunapendekeza mweka hazina alete kalenda ya chuo cha kila binti na kuiweka kando ya kalenda ya malipo ya parokia, wajumbe wazitazame pamoja. Ni tarehe zipi za chuo zinaangukia kabla fedha zetu hazijafika? Nani amezungumza na kila binti tangu afungue chuo, na walizungumza nini zaidi ya risiti? Kama lipo jina lililowekwa kwenye ajenda ya kusitishwa, tunaomba lisogezwe hadi mlezi aende kumwona alipo, aone chumba anacholala, na ale naye mlo mmoja. Nauli ya safari hiyo iingizwe kwenye bajeti ya ufadhili.